Uliniuliza Nani Akae na Nani

Mwanangu Otilia,

Umekwenda kwa shangazi yako kuaga, na shangazi yako hamwachi mtu aondoke hajala, kwa hiyo nina mchana mzima wa kuandika. Nimekaa meza ya jikoni. Mlango nimeuacha wazi ili nikuone ukirudi. Miaka minne nilikaa Dar es Salaam wewe ukiwa hapa Mbamba Bay, na sikukuandikia hata mstari mmoja. Hii ndiyo barua yangu ya kwanza kwako, nawe tayari una miaka ishirini na mbili na begi lako liko mlangoni.

Sitakuambia habari za kulinda simu stendi ya Songea, wala habari za chakula, wala za kwenda kanisani Jumapili. Shangazi atakuwa ameshakuambia hayo mara tatu, na wewe una akili kuliko mimi nilivyokuwa umri wako. Nataka kurudi kwenye swali lako la juzi.

Tulikuwa tunaanua dagaa wa usipa kichanjani. Ukasema, "Baba, huko ninakokwenda wana tangi kubwa la maji ya bahari, lenye matumbawe, na wanataka niwafuge pono wadogo wa rangi. Nani akae na nani?" Nikakujibu kama fundi anayemjibu mteja. Nikakuambia chewa usimweke kabisa, atawameza. Kikande usimweke, atawang'ata mapezi. Wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa wanaoishi ndani ya yale maua ya bahari yenye minyiri wanakaa nao vizuri, hata samaki kangaja mmoja kama tangi ni kubwa. Madume mawili ya aina moja, hapana. Mchanga uwe wa kutosha kwa sababu wapo wanaolala humo, na juu ya tangi pawe na wavu kwa sababu wote wanaruka. Ukaandika kwenye daftari. Ukasema, "Asante, Baba." Ukaenda zako.

Niliyokuambia yote yalikuwa ya kweli. Lakini sikukuambia nilijifunzaje, na hilo ndilo limeninyima raha tangu juzi. Nilijifunza kwa kuua, kisha nikashindwa kutumia nilichojifunza siku nilipokihitaji kuliko siku zote.

Unajua kwamba ujanani nilikuwa nazamia mbuna hapa ziwani, nikiwauzia watu waliokuwa wakisafirisha samaki wa mapambo. Mmoja wao ndiye aliyenipeleka Dar es Salaam, kwenye hoteli iliyokuwa na tangi la matumbawe pale wageni wanapopokelewa. Lilikuwa refu kama ukuta huu wa jikoni. Mimi ni mtu wa maji matamu. Maji ya chumvi sikuyajua. Aliyenifundisha ni Mzee Bakari, mvuvi aliyekuwa akituletea samaki wazima kutoka miambani. Alikuwa mtu mfupi, mpole, aliyezungumza na samaki kabla hajawatoa kwenye ndoo, akiwaeleza wanapelekwa wapi.

Mwaka wangu wa pili pale alituletea pono mmoja mdogo, hazidi kidole, mwenye mistari sita ubavuni. Tulimwita Mistari. Alikuwa mzuri, mgumu wa kufa, anakula kila kitu. Nikamtia kwenye tangi akiwa wa kwanza kabisa, peke yake pamoja na matumbawe, na akakaa hivyo miezi mitatu. Akaujua kila ufa wa jiwe. Akawa na pake pa kulala, pake pa kuwinda, na njia zake za asubuhi.

Kisha Bakari akapata dume wa aina nyingine, mwekundu juu na kijani ubavuni, anayefungua mapezi mbele ya majike kama mtu aliyevaa suti ya harusi. Tulimwita Bwana Harusi. Meneja alikuwa na wageni wakubwa wikiendi ile na alitaka tangi lijae rangi. Bakari akaniambia, "Osmundi, mweke kwanza kwenye kile kiboksi cha plastiki chenye matundu. Kitumbukize humo tangini. Waonane wiki mbili bila kugusana, ndipo umfungulie." Nikasema sawa. Bakari alipoondoka, nikamtia Bwana Harusi moja kwa moja kwa mikono yangu.

Siku mbili alifukuzwa. Kila alipojificha, yule mdogo alimfuata. Mimi niliona. Nilikuwa napita na kitambaa cha kufutia kioo, naona pezi limechanika, najiambia watazoeana. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta sakafuni, kwenye vigae, amekauka kama dagaa. Alikuwa ameruka nje kupitia nafasi ndogo ya kulishia ambayo niliisahau wazi.

Bakari alipokuja nikamwambia Mistari ni mkorofi, tumtoe. Akamwokota yule aliyekufa, akamfunga kwenye gazeti. Kisha akasema, "Huyu mdogo si mkorofi. Huyu ni mwenye nyumba. Wewe umemwingizia mtu ndani bila kumpigia hodi, halafu unamlaumu yeye. Na huyu mgeni naye umemdanganya. Umemwambia hapa ni kwako."

Maneno hayo nimekaa nayo miaka yote. Tuliwahi kuleta dume mwingine baadaye, na mara hiyo nilifuata kila kitu. Nilimtoa Mistari kwa muda, nikapanga mawe upya ili asipate pa kudai, nikawatanguliza wapole, kisha nikamrudisha Mistari ndani ya kiboksi, awatazame siku kumi na nne. Waliishi pamoja mpaka tangi lilipovunjwa. Kwa hiyo mwanangu, mimi nilikuwa najua. Nilikuwa najua kabla wewe hujafika hapa.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Mama yako mzazi, Rehema, alikuwa akifua mashuka hotelini pale. Hilo unalijua. Unajua pia kwamba nilikuwa na mke huku nyumbani, Skolastika, na mtoto, Kasiani. Nilikuwa nakuja hapa mara moja kwa mwaka, Krismasi, na zawadi. Nilikuwa na nyumba mbili, na nilijiona hodari kwa sababu nyumba ya huku haikujua habari za ile ya kule. Rehema alipougua na kufariki ulikuwa na miaka minane. Bibi yako wa upande wake alikuwa hajiwezi. Nikaamua nikulete huku.

Unaikumbuka safari ile? Ulikuwa umejifunga kanga ya mama yako kiunoni, ile ya zambarau, imekuzunguka mara tatu. Tulilala Songea. Kesho yake, kwenye gari la kushuka kutoka Mbinga, ulikuwa umekaa dirishani, hujaona milima namna ile, na masikio yalikuuma. Ukaniuliza, "Baba, huyo mama anajua kama nakuja?"

Nikasema, "Anajua."

Ukauliza, "Amekubali?"

Nikasema, "Amekubali. Amekuandalia na kitanda."

Otilia, hakuwa anajua. Sikumwambia. Sikumpigia simu, sikumtuma mtu, sikumwandikia. Siku ile mama yako Skolastika alipotuona mlangoni ndiyo siku aliyojua kwamba wewe upo duniani.

Alikuwa anapepeta mahindi. Akasimama na ungo mkononi. Alikutazama wewe, kisha akanitazama mimi, na sura yako ni sura ya marehemu mama yangu, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa. Ukasema, "Shikamoo." Akaitikia. Halafu wewe, kwa sababu ulikuwa mtoto na ulikuwa umechoka, ukamuuliza, "Mama, kitanda changu kiko wapi?"

Ardhi ingenimeza ningefurahi. Nilisubiri apige kelele. Nilistahili. Lakini Skolastika aliuweka ungo chini, akakuambia, "Kitanda hakijaja bado. Fundi hajamaliza."

Unaona alichofanya? Uongo ulikuwa wangu, yeye akauvaa. Alifanya hivyo ili usijue, dakika ile ile ya kwanza, kwamba baba yako amekudanganya. Nawe ukamsubiri fundi. Ukasubiri wiki, ukasubiri miezi, unalala kwenye mkeka, na kila siku uliyoamka kwenye mkeka ukajua kwamba mama huyu aliahidi kitanda na amekunyima.

Pono yule niliyemheshimu nilimpa siku kumi na nne. Wewe nilikaa nawe siku nne tu, kisha nikapanda gari nikarudi kazini.

Siku hizo nne Skolastika hakusema nami neno ila la lazima. Usiku wa mwisho aliniuliza jambo moja tu. "Huyo mwanamke alikuwa anajua habari zangu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi mimi peke yangu ndiye niliyekuwa mjinga." Asubuhi alinifungashia mihogo ya njiani. Nilikula ile mihogo, mwanangu. Niliila yote kabla ya kufika Mbinga.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Wacha nikuambie upande mwingine, kama nilivyousikia mwaka huu.

Kasiani alikuwa na miaka kumi. Alikuwa amemwona mama yake analia nyuma ya choo, jambo ambalo hakuwahi kuliona, na aliyekuja na machozi hayo ni wewe. Hakuwa na akili ya kunilaumu mimi. Mimi nilikuwa mtu wa zawadi za Krismasi. Ndiyo maana siku ile uliyotoroka alichukua kanga ya mama yako, akaikata vipande, akasokotea mpira wa matambara. Uliporudi kutoka kisimani wenzake walikuwa wanaupiga mateke barabarani.

Hukulia. Kila mtu anasema hukulia. Uliweka ndoo chini, ukapanda lori la mihogo lililokuwa linapanda mlima, na dereva akadhani una mwenzako nyuma.

Skolastika alipojua, jua lilikuwa limeshaegemea. Hapakuwa na gari jingine siku ile. Aliuliza njiani, akaambiwa lori limekwenda na mtoto. Akapanda mlima kwa miguu. Mvua ilimnyea. Alikupata Tingi, kijiji cha juu mlimani, asubuhi ya pili, kwenye nyumba ya mama mmoja mkulima aliyekuwa amekupa uji na kukukausha motoni.

Najua unachokikumbuka hapo, kwa sababu uliniambia ulipokuwa na miaka kumi na tatu, tukiwa tunabadilisha maji ya mbuna. Uliniambia, "Alipoingia hakuniuliza kama naumwa. Alisimama mlangoni akaniambia, 'Kwa nini umenifanyia hivi?'" Ukaniambia hutamsamehe neno hilo. Nami nilikuwa nimeshika mpira wa maji, nikasema, "Ndivyo alivyo mama yako." Mungu anisamehe. Nilikuwa na nafasi hapo, nafasi nzuri kabisa, tuko wawili, na nikasema hivyo.

Kwa sababu kuna jambo baya kuliko uongo wa kitanda, na lazima nilitaje. Niliporudi nyumbani moja kwa moja, baada ya hoteli kulivunja lile tangi, wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili na ulikuwa huna mtu. Nikajenga tangi la saruji nyuma ya nyumba, nikaweka kioo upande mmoja, tukaanza kufuga mbuna. Ulikuwa unakuja pale kila ukitoka shule. Nilikuhadithia habari za bahari, kwamba pono dume akifa, jike mkubwa kuliko wenzake hubadilika rangi polepole na kuwa dume, ukakataa katakata, ukasema, "Baba, hapo sasa unatunga." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Hizo ndizo siku nilizozipenda kuliko zote maishani mwangu.

Na Skolastika alikuwa ndani anapika, anasikia kicheko ambacho hakuwahi kupewa. Nilijua. Nilijua kwamba unanikimbilia mimi kwa sababu unamchukia yeye, na unamchukia kwa kosa langu. Neno moja lingewapatanisha, ila lingeniondoa mimi kwenye nafasi yangu. Nikachagua nafasi yangu. Kwa miaka kumi nilichagua nafasi yangu kila siku.

Yeye naye hakusema. Nilikuwa nadhani ananiogopa, au ameridhika. Sikuwahi kumuuliza. Alikuwa mtoto wa Mpepai, binti wa wakulima wa kahawa, ameshuka huku kwenye joto kwa ajili yangu, hajui kuparua samaki, na mama yangu alimcheka mwaka mzima mbele ya majirani kwa namna alivyokuwa anaanika usipa. Alijua ugeni ulivyo. Kile kitanda alikitengenezesha kwa kaka yake huko Mpepai, kwa mbao za shambani kwao, kikashushwa juu ya gari la kahawa miezi mitano baada ya wewe kufika. Nawe ulikitazama ukasema, "Nimeshazoea mkeka." Ulikuwa na haki. Lakini nilisikia kwa shemeji yangu kwamba siku ile Skolastika alikaa juu ya kitanda hicho peke yake mpaka giza likaingia.

Wakati wa mvua zilizopita, alipokuwa hawezi tena kuamka, wewe ulikuwa unampikia uji na kumfulia. Ulifanya kila kitu. Hukumnyima chochote ila macho yako. Siku moja ulipotoka kwenda kuteka maji akaniambia, "Baba Kasiani, siku ile Tingi mimi sikuwa nasema na mtoto."

Nikamwambia, "Ulikuwa unasema na nani?"

"Na wewe. Njia nzima nilikuwa nasema na wewe. Nimepanda mlima ule nasema na wewe, kwa nini umenifanyia hivi, kwa nini umenifanyia hivi. Nilipofungua mlango nikamwona mzima, neno likanitoka kabla sijalizuia. Mtoto akalichukua likawa lake."

Nikamuuliza kwa nini hakukuambia miaka yote hiyo. Akasema, "Ningemwambiaje bila kumwambia na habari za kitanda? Alikuwa ameshamzika mama. Nikasema angalau awe na baba asiye na doa."

Kisha akaniuliza, "Utamwambia?"

Nikasema, "Nitamwambia."

"Lini?"

"Kesho."

Akacheka kidogo, kicheko cha mgonjwa, hakina nguvu. "Wewe na kesho zako, Baba Kasiani."

Aliishi siku tisa baada ya hapo. Zilikuwa kesho tisa. Uliingia na kutoka na bakuli la uji, nami nimekaa kwenye kigoda, nimefunga mdomo.

Siku ya maziko ulibaki nyumbani unaosha sahani na wanawake. Watu walipofika kaburini wakakutafuta uje utupe udongo, hukuwapo. Kasiani aliona. Tangu siku ile anazungumza nawe kama anavyozungumza na abiria wa pikipiki yake: unakwenda wapi, panda, shuka. Nimewasikia. Wewe hukukosea kutokwenda. Ulikuwa humdai wala hudaiwi, kwa kadiri ulivyojua. Na yeye hakukosea kukasirika. Mimi ndiye niliyewaweka pamoja na kuwaacha hivyo, na mnakwenda kuachana mkiwa hivyo.

Kwa hiyo ukinitaka nikuambie habari za kuwaweka viumbe pamoja, kinachonisumbua si orodha. Orodha unayo. Wewe utafika kule utakuta watu wana haraka. Watakuambia weka leo, wageni wanakuja. Utaona pezi limechanika na utataka kujiambia watazoeana. Mara nyingine kweli huzoeana. Lakini anayesema hivyo mara nyingi ni mtu anayetaka kuondoka pale, kama mimi nilivyotaka. Na ukifika kwenye nyumba mtakayopanga na wenzako, ukakuta mmoja ana ukali, jiulize alikuwapo tangu lini na nani alimwambia kwamba unakuja. Huenda hakuambiwa. Sisemi umpende. Nasema tu, uulize kabla hujaandika jina lake moyoni.

Sina zaidi ya hayo. Ningekuwa mtu mzuri ningekuwa na zaidi.

Leo asubuhi, kabla hujaamka, nilimwambia Kasiani. Alikuwa anakaza mnyororo wa pikipiki. Nilimweleza yote, ya kwenye gari, ya mlangoni, ya Tingi. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza. Akafuta mikono kwenye tambara, akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii mimi na yeye tumekuwa tukipigana kwa ajili yako."

Nikasema, "Ndiyo."

"Yeye ameshajua?"

Nikamwambia bado, nitaandika barua, nitaiweka ndani kabisa ya begi lake, aikute akifika. Akanitazama. Mwanangu huyo hajawahi kunitazama hivyo. Akasema, "Baba, aikute akiwa peke yake kwenye chumba cha watu asiowajua? Mpe leo. Mpe mkononi, na ukae hapo hapo akisoma."

Kisha akasema, "Ile kanga usiiandike. Nitamwambia mwenyewe." Lakini nimeshaiandika, na sitaifuta. Mwache naye aseme yake.

Kwa hiyo hutaikuta begini. Ukirudi kutoka kwa shangazi nitakupa mkononi, kukiwa bado na mwanga, na nitakaa kwenye benchi la nje mpaka umalize. Ukitaka kuniuliza jambo nitajibu. Ukitaka kunitukana, hakuna atakayekuzuia. Ukitaka kulala bila kusema nami neno, na kuondoka kesho bila kuniaga, nitakuwa nimeelewa. Usinisamehe haraka kwa sababu ya safari. Watu husamehe haraka mlangoni kwa kuwa gari linapiga honi, na msamaha wa namna hiyo haufiki mbali. Chukua muda wako, hata kama ni mrefu kuliko wangu uliobaki.

Kesho Kasiani ndiye atakayekupeleka stendi. Mimi nitabaki nyumbani. Si kwamba sitaki kukuona ukiondoka. Ni kwamba nikiwapo mtakuwa mnanitazama mimi, na nimeshatazamwa vya kutosha. Barabara inapita makaburini, unajua. Kasiani amesema hatasimama kwa kukulazimisha. Mama yake amelala safu ya tatu kutoka njiani, chini ya msalaba mpya wa mbao ambao hujauona. Ukimgusa bega, atasimama. Usipomgusa atapita, na hakuna mtu hapa nyumbani atakayeuliza.

Ni mimi, baba yako,
Osmundi